Mkataba Huchezwa Kwanza, Sahihi Baadaye

Hotuba iliyotolewa Kilwa Masoko mbele ya makatibu wa matawi, walimu wa shule za msingi na wajumbe wa vyama vya ushirika vya mwambao wa Kilwa na Lindi.



Tulipoalikwa kuja kusema nanyi tuliambiwa tuzungumze juu ya elimu ya sheria kwa wananchi. Neno hilo huogopesha watu. Mwananchi akisikia "sheria" humwona hakimu, humwona askari, huona pingu. Twawaomba basi mviweke kando vitu hivyo kwa muda wa saa moja. Sheria tunayoitaka leo haina kizimba. Ni sheria ya kuuza na kununua, ya kukodi na kukodisha, ya kukopa na kuweka rehani, ya watu wawili kushirikiana katika chombo kimoja na kugawana mapato. Mvuvi wa Songo Songo aliyepewa nyavu na tajiri kwa sharti kwamba pweza wake wote amwuzie tajiri huyo, amekwisha ingia katika mkataba. Mkulima aliyepokea fedha za kangomba wakati wa masika kwa korosho zitakazoanguka Oktoba, naye amekwisha funga mapatano, tena mapatano mabaya kabisa. Wote hao wako ndani ya sheria bila kujua walipita mlango gani.

Na tuanze na mkataba mmoja uliofungwa hapa hapa kwetu, ng'ambo ya maji haya mnayoyaona. Mwaka 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alipatana na Mfaransa mmoja, jina lake Morice. Sultani aliahidi kumpa Mfaransa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, na juu ya hapo Sultani apewe zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Mtu mwingine yeyote, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, asiuziwe mpaka Morice atosheke. Mkataba ulikuwa wa miaka 100. Na ili kuonyesha kwamba neno lake ni la kweli, Sultani akampa Morice ngome atie mizinga yake na bendera yake.

Mkataba huo tumeusoma na vijana mara nyingi, nasi huwauliza swali moja tu: mngekuwa nyinyi ni mawaziri wa Sultani siku ile, mngemwambia nini kabla hajatia mhuri? Kwanza hunyamaza. Kisha mmoja husema, "Miaka 100 ni mingi." Mwingine husema, "Kwa nini bei haipandi miaka yote hiyo?" Mwingine, "Ngome inatolewa, je, itarudi lini?" Na siku moja msichana wa kidato cha pili alisema neno ambalo sisi wakubwa hatukulitaja: "Wale 1,000 wenyewe, nani aliwauliza?" Hakuna aliyejibu upesi. Mkataba ule haukudumu, maana haikupita hata miaka 10 Waomani wakaishika Kilwa. Lakini swali la msichana yule limedumu, na mtaliona tena mbele katika hotuba hii, likiwa limevaa nguo za siku hizi.

Sasa twauliza: mtu hujifunza wapi kupatana? Kusoma na kuandika tumefundishwa shuleni. Kuvua tumefundishwa baharini, na kulima tumefundishwa shambani, tena kwa kushika jembe, wala hakuna aliyekalishwa darasani akaandikiwa ubaoni maana ya jembe. Bali katika kupatana, mwananchi wetu mara ya kwanza anapojaribu ndiyo mara ya kweli. Anakaa mezani na mtu aliyekwisha funga mikataba 50, na yeye huo ndio wa kwanza. Mwenzake ana wakili, ana karani, ana karatasi zilizopigwa chapa tayari. Yeye ana kalamu aliyoazimwa. Mchezo wa namna hiyo hata katika mpira hatuuruhusu. Timu yetu isipofanya mazoezi haiendi Lindi kucheza, mwenyekiti wa timu mwenyewe angekataa.

Sisi ni watu wa chuo cha ualimu, na jambo hili tulilipata huko. Kabla ya kupelekwa mbele ya watoto, mwalimu mwanafunzi hufundisha wenzake. Wenzake hugeuka watoto wa darasa la tatu, na hawa, ndugu zetu, ni watoto wabaya kuliko watoto wa kweli. Mmoja hulala, mmoja huomba ruhusa ya kwenda chooni, mmoja huuliza swali ambalo mwalimu hakulitazamia. Mwalimu hutoka jasho. Akimaliza, anaambiwa wapi aliteleza, na hurudia tena. Tulicheka sana siku zile, lakini siku tulipoingia darasani kweli, yule mtoto wa swali gumu tulikuwa tumekwisha kutana naye.

Wanasheria nao hufundishwa hivyo. Ni miaka mingi sana vyuo vya sheria duniani vina mahakama ya kuigiza, ambamo wanafunzi hugawana: huyu mshitaki, huyu mtetezi, huyu jaji. Polepole walimu wao waliona kasoro. Wanasheria wengi siku zao nyingi hawazimalizi mahakamani. Huzimaliza mezani, wakiandika mikataba ya nyumba, ya mikopo, ya kampuni na ya mizigo. Wakaanza kuwapa wanafunzi mauzo ya kuigiza: kundi moja ni muuzaji, kundi jingine mnunuzi, kila upande na siri yake, wapatane, waandike, kisha mwalimu auvunjevunje mkataba wao mbele ya macho yao. Hapa kwetu, Chuo Kikuu kilipozaliwa mwaka 1961 kilianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na somo lake la kwanza lilikuwa sheria. Baadaye nchi iliona kwamba shahada peke yake haimtoshi wakili, na kwa sheria ya mwaka 2007 ikaundwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Haya, ikiwa mtu aliyekaa chuoni miaka mitatu au minne anaonekana hawezi kuachiwa mkataba mpaka afanye mazoezi, je, huyu mzee wa Kitomanga anayeletewa karatasi saa kumi alasiri na kuambiwa gari linamngoja?

Mtu asiseme kwamba hizi ni mbinu za kigeni. Pwani hii inazijua. Posa haiendi bila mshenga, na mshenga hatoki nyumbani mpaka wazee wamemkalisha wamwambie, wakikuuliza hivi jibu hivi, wakitaja mahari kubwa usishtuke, omba maji ya kunywa kwanza. Na katika unyago, somo hamfundishi mwari kwa maneno matupu. Huimba, hucheza, huigiza mambo ya nyumba na ya ndoa, na mwari hutoka ndani akiwa amekwisha yaona kwa mchezo mambo atakayoyaona kwa kweli. Wazee wetu walijua kwamba jambo zito hufundishwa kwa kuchezwa. Ajabu ni kwamba hekima hiyo tumeiacha kwenye harusi, tukaenda kuuza ardhi mikono mitupu.

Sasa tuwaeleze tulivyofanya, na tutasema na yaliyotuaibisha.

Zoezi la kwanza tulilipa jina la Lori. Nyote mwajua kwamba ufuta mkoani Lindi huuzwa kwa stakabadhi ghalani, bei ikasemwa mnadani. Hapo mkulima hapatani na mtu juu ya bei. Lakini kabla ya mnada yako mapatano mengi madogo ambayo hakuna anayeyaangalia: gari la kubeba magunia kutoka kijijini mpaka ghala kuu, nyumba ya kuwekea mzigo, mlinzi, mzani. Fedha ya mkulima huvuja katika vitundu hivyo. Basi tuliandika karatasi mbili. Ya kwanza tukawapa wanne waliokuwa viongozi wa ushirika: mna magunia 400, yafike ghalani kabla ya siku 10, na mkutano umewaruhusu msipite shilingi 3,000 kwa gunia. Ya pili tukawapa wawili waliokuwa mwenye lori na karani wake: mna malori mawili, moja gia zake zina ugonjwa, mnadaiwa na benki, mwataka nusu ya malipo kabla ya safari, na hata kwa shilingi 2,500 mtapata faida, ila msiseme. Hakuna anayeruhusiwa kuona karatasi ya mwenzake. Tukawapa saa moja na daftari.

Ndugu, mngependa mngekuwapo. Walivutana juu ya bei kama watu wanaonunua ng'ombe. Mwenye lori alianza na 3,800. Walinuna, walicheka, mmoja aliinuka kana kwamba anaondoka, akarudishwa kwa kushikwa mkono. Mwisho wakaafikiana 2,800, na watu wote waliokuwa wakitazama wakapiga makofi. Wakaandika mistari mitano, wakatia sahihi, na upande wa ushirika ukatuangalia kwa majivuno.

Hapo tukafungua bahasha iliyokuwa mfukoni mwetu, tukasoma: "Mzigo umeondoka jana. Leo mvua kubwa imeikata barabara Somanga. Lori moja limekwama upande wa pili siku 6. Magunia 90 yamelowa. Mnada umepita." Basi.

Nyumba ilinyamaza. Si hadithi ya kutunga hiyo. Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, na kila mmoja katika chumba kile alikuwa na ndugu aliyekwama. Lakini mkataba wao haukuwa na neno la mvua. Haukusema magunia yakilowa hasara ni ya nani. Haukusema turubai ni la nani. Haukusema kama lori likiharibika, mwenye lori atalete jingine kwa gharama ya nani, wala haukusema nusu ya fedha iliyokwisha lipwa itarudi au hairudi. Saa nzima walipigania shilingi, na mali yenyewe wakaiacha nje ikinyeshewa.

Tukawaambia wabadilishane. Waliokuwa ushirika wawe wenye lori, na wenye lori wawe ushirika. Kubadilishana huku ndiko moyo wa zoezi, twawaomba makatibu msikuruke hata muda ukiwa mfupi, maana mtu akikaa katika kiti cha mwenzake ndipo hujua mwenzake anaogopa nini. Mara ya pili bei waliimaliza kwa dakika 10. Muda uliobaki mama mmoja, muuza samaki wa hapa hapa Masoko, aliuliza: "Gunia likipimwa kijijini kilo hizi, likipimwa ghalani likapungua, anayelipa ni nani?" Hakusoma swali hilo kitabuni. Lilikuwa moyoni mwake tangu miaka anayopeleka samaki Nangurukuru kwa gari la watu. Mkataba wa pili ulijaza kurasa mbili, na walipoufikisha kwetu tulifungua bahasha ya pili, lakini hiyo hatuisemi hapa kwa kuwa matawi yenu hayajacheza.

Zoezi la pili lilikuwa la ardhi, nalo ndilo lililotutia aibu.

Hapa sharti tuseme kwanza sheria yenyewe, kwa ufupi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kugawa ardhi hiyo bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ikitakiwa kutolewa katika miliki ya kijiji, ikiwa haizidi hekta 250 mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni yake na Waziri ndiye huamua. Na ardhi ikiisha hamishwa huitwa ardhi ya jumla. Neno hilo "ya jumla" lina utamu masikioni, lakini maana yake ni kwamba imetoka mkononi mwa kijiji.

Katika wilaya hii watu wanalijua jambo hilo. Kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilikuja Kilwa kutafuta ardhi ya kupanda mibono ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya mitambo, na katika vijiji vya upande wa Mavuji ikapata ardhi ya hekta zipatazo 34,000. Kazi ilisimama mwaka 2009, na mwaka 2010 kampuni ikafilisika. Mibono haikuleta utajiri ulioahidiwa, na swali likabaki kwa wanakijiji: ardhi yetu sasa ni ya nani? Hatusemi kwamba uwekezaji wote ni mbaya. Katika wilaya hii hii kijiji cha Kikole kimeonyesha kwamba wananchi wanaweza kuushika msitu wao, kuuza mpingo wao kwa masharti yao, na mwaka 2009 msitu ukapata hati ya kimataifa ya uvunaji bora. Tunalosema ni kwamba kufilisika kwa mnunuzi ni jambo linaloandikwa katika mkataba siku ya arusi, wakati wote wanacheka. Siku ya talaka hakuna anayekubali kuandika.

Basi zoezi letu lilikuwa hivi. Tulichagua watu 7 kuwa halmashauri ya kijiji. Twataka mjue kwamba watu hao walikuwa viongozi wa matawi yetu sisi wenyewe, watu wa heshima, na karatasi ya sheria ilikuwa juu ya meza mbele yao. Tukachagua watu 20 wawe mkutano mkuu, tukawakalisha nje chini ya mwembe, wangoje kuitwa. Na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne tukamfanya mwekezaji, tukampa karatasi yake ya siri: wataka hekta 200, miaka 99, utajenga zahanati na kisima, na mkobani mwako mna bahasha 7. Ndani ya bahasha tulitia vipande vya daftari tulivyoviandika "20,000".

Kijana aliingia, akasalimu vizuri, akawaita wazee wake, akazisifu njia za kijiji. Akasema anajua wametoka mbali na kazi zao, basi kuna kitu kidogo cha usumbufu. Bahasha zikazunguka. Vipande vya daftari, ndugu zetu! Karatasi isiyonunua hata kitumbua! Lakini uso wa mtu aliyepewa bahasha hubadilika hata kama bahasha ni ya mchezo. Dakika 20 hazikupita, sahihi 7 zilikuwa chini ya karatasi. Zahanati iliandikwa bila kusemwa itajengwa lini. Kisima hakikuandikwa kabisa. Kilisemwa kwa mdomo.

Na chini ya mwembe watu 20 walikuwa bado wamekaa. Hakuna aliyewaita. Tulipotoka kuwaambia kwamba zoezi limekwisha, mzee mmoja aliinuka polepole akaushika mkongojo wake, akatuuliza: "Na sisi tulikuwa tunacheza nini?"

Swali la msichana wa kidato cha pili, mnaliona limerudi.

Usiku ule tulishindwa kulala, tukasemezana mpaka alfajiri. Baadhi yetu walitaka jambo lile lifichwe, kwamba maadui wa chama watalichukua na kulipigia ngoma. Sisi tuliosimama hapa tulisema litangazwe, na ndiyo sababu tunalisema leo mbele yenu na litachapwa gazetini. Ikiwa viongozi waliojua sheria, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, katika mchezo, waliuza hekta 200 kwa vipande vya daftari, je, wasiojua sheria, jioni, peke yao, kwa noti za kweli? Na afadhali aibu hiyo ituangukie katika mchezo, ambapo ardhi ilirudi saa ile ile.

Tuliirudia Jumamosi iliyofuata na watu wale wale. Kijana wa mkoba alipotoa bahasha, mwenyekiti wa halmashauri aliziweka mezani zote, akaziandika katika daftari la kikao, akamwambia, "Bwana, hizi tutakwenda kuzionyesha chini ya mwembe." Kijana alipotea maneno. Mkutano ulikaa saa mbili, uliuliza maswali 31, tuliyahesabu, na mwisho ukakubali hekta 50 kwa miaka 20, na zahanati ijengwe kwanza. Wengine walisema walikuwa wakali mno, mwekezaji angeondoka. Huenda. Hilo nalo ni somo, na tulilijadili.

Lakini msidhani tunakuja kuwauzia dawa ya kila ugonjwa. Kijiji kimoja cha upande wa Mchinga tulifanya zoezi la kangomba. Tulieleza kwamba Sheria ya Mikataba yataka watu wakubaliane kwa hiari, pasiwe na kulazimishwa, kurubuniwa wala kudanganywa, na kwamba mtu asiyefika miaka 18 hafungwi na mkataba. Tukawafundisha kina mama kusema hapana kwa mnunuzi, kudai kipimo cha kilo badala ya kibaba, kudai maandishi. Walicheza vizuri kupita wanaume. Tulipokwisha, mama mmoja akasema kwa upole kabisa: "Wanangu, mmenifundisha kusema hapana. Nikisha kusema hapana, unga atanipa nani?"

Hatukuwa na jibu. Katika orodha ya mambo yanayoharibu hiari ya mtu, njaa haikutajwa kwa jina lake. Mchezo wetu haukuwa na mtoto mgonjwa ndani yake, wala ada ya shule, wala chungu kilichofunikwa kifudifudi. Tangu siku hiyo zoezi la kangomba tumeliongezea mchezaji wa tatu: chama cha kuweka na kukopa cha kijiji, ambacho karatasi yake ya siri yasema kina fedha kidogo na waombaji wengi. Sasa mchezo ni mgumu zaidi na unafanana zaidi na maisha, na mara nyingi humalizika bila mapatano mazuri. Na iwe hivyo, maana tawi linalotaka kupiga vita kangomba kwa hotuba bila ya kuwa na akiba ya kumkopesha mwanachama wake mwezi wa tatu, linajichezea lenyewe.

Ziko sauti nyingine tumezisikia. Mwanasheria mmoja alituambia tunawafanya wananchi wajione mawakili. La. Tunawafanya wamjue wakili ni wa nini, na wamwite kabla ya sahihi badala ya baada yake. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa, na tawi litakalofanya zoezi lijitahidi kupata mmoja wao akae pembeni, asiseme neno mpaka mwisho, ndipo auchane mkataba kifungu kwa kifungu. Wazee wengine walisema huu ni mchezo wa watoto. Hao tuliwapa karatasi ya mwenye lori, na hatujawasikia tena wakisema hivyo. Na ndugu mmoja wa chama, mtu tunayemheshimu, alituvuta kando akatunong'oneza: "Mkiwafundisha watu kuuliza hivi, kesho watatuuliza sisi." Tulimjibu ndiyo, watatuuliza. Kiwanja cha ofisi ya tawi kina mkataba. Pikipiki ya chama ina mkataba. Kama mikataba hiyo haiwezi kusomwa chini ya mwembe, tuanze kuiandika upya kabla hawajaja.

Ya kazi sasa. Ufuta hauko mbali, na mwaka huu twataka kila tawi la mwambao, kutoka Somanga mpaka Mingoyo, liwe limecheza Lori mara mbili kabla gunia la kwanza halijashonwa. Walimu, nanyi mna ukumbi, ubao na chaki. Mwapaswa kuwa wa kwanza. Wasiojua kusoma wasiachwe nje: karatasi ya siri husomwa sikioni na mtu wanayemwamini, na dole gumba lina uzito ule ule wa kalamu, kwa hiyo nao wazoee kusema "nisomee tena" mpaka midomo yao isione haya. Mikataba yote ya mchezo iwekwe katika jalada, isitupwe. Tumekwisha ona tawi moja likiuchukua mkataba wa mchezo likaubadilisha majina na kuutumia kwa lori la kweli, na mwenye lori aliposoma kifungu cha turubai alicheka akasema hawa wamekwisha nyeshewa.

Karatasi za Lori ziko kwa Katibu, pale mezani, zikiwa katika bahasha mbili kwa kila tawi, na bahasha ya tatu imefungwa kwa gundi, asiifungue mtu. Zoezi la ardhi litafuata baada ya mwezi, nalo tutakuja wenyewe. Anayetaka kuwa mwekezaji ajiandikishe mapema, kwa sababu kila tulikokwenda nafasi hiyo ndiyo hujaa kwanza, na waliopangwa chini ya mwembe wametuomba safari hii wapewe viti.